Wazee wa Doa Jekundu

Uvimbe wenyewe haukuwa mkubwa. Gunvor Sehlstedt aliugusa Jumamosi moja ya Oktoba, akiwa peke yake kwenye ubao wa juu wa sauna yake, jasho likimchuruzika mgongoni. Akasita. Akaugusa tena. Ulikuwa upande wa chini wa titi la kushoto, mgumu kama punje ya njegere kavu, na haukuuma hata kidogo. Alijua papo hapo. Akamaliza kuoga, akajikausha, akaenda jikoni kumenya viazi, kwa sababu mtu hawezi kulala njaa kwa ajili ya punje.

Alikuwa na miaka sabini na saba. Tangu avuke sabini na nne hakupata tena barua ya kumwita kupigwa picha ya matiti. Utaratibu ndio huo, ukifika umri huo barua zinakoma. Gunvor alikuwa na mzaha wake juu ya jambo hilo. Alisema serikali imeamua kuwa titi nalo hustaafu.

Yeye mwenyewe hakuwa amestaafu kwa kupenda. Kwa miaka thelathini na mmoja aliendesha lori la magogo kutoka misitu ya juu ya Storhällan hadi kiwanda cha karatasi pwani, kilomita mia mbili na kumi kwenda na hizohizo kurudi. Alipoanza, wanaume wa kituo cha malori waliwekeana dau kwamba hatafika Krismasi. Alifika Krismasi thelathini na moja, na wengi wa waliocheza dau aliwazika. Mumewe Ingvar alikuwa mmoja wao. Ingvar alikuwa mtu wa kunyamaza, na alinyamazia damu chooni mwaka mzima mpaka kansa ya utumbo ilipomlaza akiwa na sabini na mbili. Mficha maradhi kifo humuumbua. Gunvor aliliona hilo kwa macho yake, akaapa kwamba halitamkuta.

Kwa hiyo Jumatatu alifika kituo cha afya kabla mlango haujafunguliwa. Daktari wa wiki hiyo alimpapasa, akakunja uso, akaandika barua. Nasema daktari wa wiki hiyo kwa sababu kule bondeni madaktari walikuwa wa kuazimwa. Walikuja kwa ndege Jumapili, wakaondoka Ijumaa, na mgonjwa alianza hadithi yake upya kila safari. Majibu ya barua yalisema picha itapigwa baada ya wiki saba.

Binamu yake Solveig, aliyehamia mji mkuu tangu ujana, alipatwa na jambo lilelile miaka miwili nyuma akiwa na sabini na tisa. Yeye alipigwa picha siku ya tisa, akapasuliwa wiki ya nne, na mionzi aliifuata kwa basi la mjini, vituo sita kutoka mlangoni kwake. Solveig alipoyasema hayo kwenye simu hakuwa akijivuna, alikuwa akilia. Gunvor alimwambia anyamaze, si yeye aliyeivuta nchi ikawa ndefu namna hii.

Walimpasua Januari. Uvimbe ulikuwa umekua, na tezi mbili za kwapani zilikutwa na kansa. Mwezi mmoja baadaye akaitwa kituo cha afya kuelezwa kinachofuata. Safari hii daktari alikuwa kijana wa kusini, Kvist, mpole, mwenye mikono safi kuliko mikono yote iliyowahi kufika bondeni. Alieleza kuwa kuna mionzi, siku kumi na tano, kila siku ya kazi, katika hospitali ya pwani.

"Lakini nitakuwa mkweli kwako," alisema. "Wengi wa umri wako wanaoishi huku huamua kuiacha. Safari ni ndefu na inachosha. Unaweza kumeza vidonge tu, ukabaki nyumbani kwa amani."

Gunvor alivuta kiti chake mbele.

"Ningekuwa naishi mtaa mmoja na hospitali hiyo, ungeniambia nini?"

Kvist akahamisha macho kwenye kompyuta, kisha akayarudisha. Alikuwa mtu mwaminifu, maskini.

"Ningekuambia uende."

"Basi niambie hivyohivyo. Kansa haijui anwani yangu."

Akaandikiwa mionzi, ianze mapema Machi.

Wiki hiyohiyo ramani ikatoka. Gazeti la mkoa liliichapisha ukurasa mzima: wilaya zote, na kila moja rangi yake kwa kadiri wazee wake wanavyokufa kwa kansa. Pwani ilikuwa ya manjano. Karibu na chuo kikuu ilikuwa nyeupe kabisa, kana kwamba huko watu hawafi. Na huku juu, mahali mto unapopinda, palikuwa na doa jekundu lililoiva kama jeraha. Hilo ndilo lilikuwa bonde lao.

Duka la Storhällan lina meza ya kahawa karibu na majokofu, na pale ndipo wazee hukaa. Siku hiyo gazeti lilikuwa katikati ya vikombe. Mmoja alisema chanzo ni ile mvua ya mwaka themanini na sita, iliyoleta sumu ya kinu cha nyuklia kilicholipuka mashariki, na uyoga ukaliwa hivyohivyo. Mwingine alilaumu ugoro. Alrik Holmqvist, mzee wa miaka themanini na mmoja aliyenoa misumeno kiwandani mpaka kiwanda kilipofungwa, alikoroga kahawa yake na kusema, "Sisi watu wa kaskazini tunakufa. Ndiyo kazi tuliyobakiziwa."

Wakacheka. Gunvor hakucheka. Alikuwa akimwangalia Alrik shingoni, jinsi kola ya shati ilivyomzidi.

Akamfuata nje, alipokuwa akimfungua mbwa wake, akamuuliza bila kuzunguka amekonda kwa nini. Alrik akajifanya hasikii. Gunvor akasimama mbele ya mbwa. Ndipo yule mzee akasema, akiitazama theluji, kwamba ni kansa ya tezi dume, kwamba aliambiwa tangu Novemba, na kwamba amekwisha kataa mionzi.

"Siku ishirini, dereva. Na teksi ya wagonjwa inazoa watu mabonde matatu. Inatoka saa kumi na moja alfajiri, inarudi saa moja jioni. Mimi sikai nusu saa bila kwenda kukojoa. Nitakaaje saa zote hizo na watu nisiowajua, nikimwomba kijana wa watu asimame kila kichaka? Nina miaka themanini na moja. Acha nife na suruali kavu."

"Kati ya hapa na pwani pana mahali ishirini na pawili pa kusimamisha gari," alisema Gunvor. "Nimesimama kote. Hospitali uwapigie leo."

"Wameshafuta jina langu."

"Wataliandika tena. Kalamu wanazo."

Jumatano iliyofuata mkoa ulimtuma mtu kuieleza ramani katika ukumbi wa kijiji. Aliitwa Henrik Wallmo, mtu wa takwimu, suti ya kijivu, viatu vya mjini vilivyolowa theluji. Watu zaidi ya sitini walikuja, wengi wao na fimbo. Wallmo alionyesha picha ukutani na kueleza kwa adabu kwamba tofauti baina ya wilaya zina sababu nyingi: umri, sigara, elimu, na zaidi ya yote ni kwamba watu wa bondeni huchelewa kufika kwa daktari. Alisema kuna haja ya kubadilisha tabia. Alitoa vijarida.

Gunvor alikuwa ameketi mstari wa tatu, kovu la kwapani likimvuta mkono wa kushoto. Alisimama polepole, na ukumbi ukatulia, kwa sababu watu walikuwa wakimjua.

"Mimi nilifika kwa daktari siku mbili baada ya kugusa uvimbe," alisema. "Picha nimepigwa baada ya wiki saba. Hapo aliyechelewa ni nani?"

Wallmo alisema anasikitika, na kwamba hawezi kuzungumzia mgonjwa mmojammoja.

"Sawa, tuzungumzie wengi. Katika doa lako jekundu, ni wangapi walioacha matibabu kwa sababu ya barabara?"

Wallmo alifungua makaratasi, akayafunga. "Hilo hatulikusanyi," alisema.

"Mnakusanya maiti, hamkusanyi sababu."

Wengine waliguna. Mama mmoja nyuma akasema: taratibu, mama, huyu naye katumwa tu. Gunvor alikubali kwamba katumwa. Akamwambia Wallmo kwamba basi arudi na ujumbe: wasilolikusanya wao, bonde litawakusanyia. Kisha akakaa, maana kovu lilikuwa linamchoma, wala hakukuwa na zaidi la kusema.

Kwa siku nne alizunguka nyumba kwa nyumba. Si kazi rahisi kumuuliza mzee wa kule kama ana kansa; afadhali umuulize kura yake. Walimkaribisha kahawa na jibini, wakazungumza habari za barafu ya mtoni, na alipokaribia kuondoka ndipo mtu alisema mlangoni, kwa sauti ndogo, ehee, kuna kitu waliniona kwenye pafu. Wengine walimfukuza. Mmoja alimwambia anatafuta wenzake wa kufa nao. Hata hivyo alirudi na majina ya watu ishirini na wawili waliopita miaka sabini na waliopata kansa miaka mitatu hiyo. Tisa kati yao walikuwa wameacha au kukatisha matibabu kwa sababu ya safari. Wanne wa hao tisa walikuwa tayari makaburini, na habari zao alizipata kwa wajane.

Orodha aliipeleka kwa barua. Mwenyewe hakungoja jibu. Alikwenda kwa mwenyekiti wa klabu ya michezo ya theluji akaomba basi lao dogo la viti tisa, ambalo wakati huo wa mwaka lilitumika Jumamosi tu. Mwenyekiti aliuliza ni la kwenda wapi. Akamwambia pwani, kila siku, mpaka nitakapochoka. Akapewa ufunguo.

Msaada mwingine ulitoka pasipotarajiwa. Daktari Kvist, aliyekuwa arudi kwao Ijumaa, alikubali wiki tano zaidi. Kwanza aliipigia hospitali simu, kisha akaipigia tena, mpaka jina la Alrik likarudi na saa za wote wanne waliokubali kupanda basi hilo zikapangwa kati ya saa tano na saa sita mchana. Hakusema kwa nini. Alimwambia Gunvor tu kwamba lile swali lake lilikuwa limemkosesha usingizi.

Kwa hiyo wakawa wanne: Gunvor usukani, Alrik kiti cha mbele, karibu na mlango; nyuma Torvald, mchungaji wa zamani wa kulungu wa kufugwa, aliyekuwa na kansa ya koo na kuzungumza kwa kunong'ona, na Maj-Lis Öberg, mwalimu mstaafu mwenye kansa ya pafu, aliyekatisha tiba tangu vuli na sasa akataka kujaribu tena. Waliondoka saa mbili asubuhi, kumekwisha kucha, na kufikia saa tisa unusu walikuwa wamerudi. Dakika kumi chini ya mashine, saa saba na nusu kwa jumla. Kila siku Alrik alisimamishiwa gari mara sita, na kila mara Torvald alinong'ona kwamba huko ni kuweka alama za mipaka ya eneo, na Alrik akamjibu kwamba kulungu wake walikuwa na adabu kuliko yeye.

Barua ya mkoa ilifika siku ya tatu. Ilimwarifu kwamba kusafirisha wagonjwa bila mkataba na bima husika hakuruhusiwi. Gunvor alijibu kwa mkono wake kwamba hasafirishi wagonjwa. Anakwenda mjini na rafiki zake kunywa kahawa, na njiani rafiki zake hupitia hospitali. Hakupata barua nyingine.

Siku ya saba dhoruba ilianguka. Walipofika mteremko wa Kläppen, kilomita sabini kutoka pwani, walikuta lori la mizigo limejikunja na kuziba barabara yote. Polisi aliyesimama pale alisema warudi nyumbani, itachukua saa tatu kulitoa. Maj-Lis akafunga macho. Alrik akasema haya, Mungu naye katia sahihi.

Gunvor aligeuza gari, lakini hakurudi nyumbani. Alikumbuka kwamba kampuni ya mbao ilikuwa inavuna upande wa kaskazini wa mlima msimu ule, na wanapovuna hawana budi kuondoa theluji njiani. Akaingia njia ya msituni aliyoipita mara mia katika ujana wake, nyembamba, kuta za theluji pande zote mbili zikipita kimo cha madirisha. Redio yake ya zamani ya lori alikuwa ameifunga chini ya dashibodi tangu siku ya kwanza, kwa mazoea tu. Akaiwasha, maana anayepita njia ile bila kutangaza kilomita yake ni mtu anayetafuta kugongana na tani sitini.

"Gari dogo, kilomita ya nne, linapanda," alisema.

Ikaja sauti ya mwanamume: "Nimejaza magogo, kilomita ya saba, nashuka. Wewe nani huko na gari dogo?"

"Gunvor. Nina abiria watatu na kibofu kimoja."

Redio ilikwaruza. Kisha yule dereva akacheka, akasema alifundishwa kazi na mtu aliyefundishwa na Gunvor, na kwamba atasimama penye upana, kilomita ya sita, ili Gunvor apite kwa nafasi. Walipopita, lori lile likiwa limewasha taa zake zote, Torvald alivua kofia.

Walifika hospitali wamechelewa dakika hamsini. Mhudumu wa mapokezi, mwanamke mwenye haraka, aliwaeleza kwamba nafasi zao zimepita, mashine ina wengine, wajaribu kesho. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na ratiba. Gunvor alimsikiliza hadi mwisho, akashukuru, akaenda kuketi kwenye benchi lililotazamana na meza yake. Watatu wakaketi naye, makoti yakitiririka maji sakafuni.

"Mnangoja nini?" aliuliza mhudumu baada ya muda.

"Kesho," alisema Maj-Lis, kwa ile sauti iliyotuliza madarasa miaka arobaini. "Umesema kesho. Tutaingojea hapahapa."

Mhudumu aliwatazama, kisha akanyanyua simu. Alikuja daktari bingwa wa mionzi mwenyewe, mama wa makamo mwenye miwani utosini, akauliza wametoka wapi. Alipotajiwa Storhällan aliishusha miwani machoni. Akamuuliza Gunvor ni kweli, kama Kvist alivyomdokeza kwenye simu, kwamba aliwahi kushauriwa kuacha, akiwa na tezi mbili zile. Gunvor alisema aliambiwa wengi wa huko huacha. Yule bingwa alisema hawaachi, huachishwa, na akawaingiza mmojammoja katika saa ya chakula cha mchana.

Gunvor alimaliza siku zake kumi na tano, ngozi ya kifua imebabuka kama iliyokaangwa, kisha akaendelea kuendesha kwa ajili ya wengine. Uchovu ulikuwapo, tena mwingi. Kuna Ijumaa alilala na buti miguuni. Lakini Alrik alitimiza ishirini, na siku ya mwisho alinunua keki ya kuwapa wauguzi, akawaambia hiyo ni shukrani kwa choo chao. Torvald alimaliza pia. Maj-Lis hakumaliza. Katikati ya Aprili mapafu yalijaa maji, na Mei, barafu ya mto ilipokuwa ikipasuka, akafa.

Kwenye kahawa ya mazishi kasisi alizungumza vizuri, na mwisho akasema tujifariji kwamba wakati wake ulikuwa umefika. Gunvor aliweka kikombe mezani.

"Wakati wake haukufika, kasisi. Gari ndilo halikufika. Mwaka jana, vuli, alilingoja kwenye baridi saa nzima, akarudi ndani, hakulingoja tena. Tusimsingizie Mungu."

Kasisi akawa mwekundu, akainamisha kichwa. Dada wa marehemu alinyoosha mkono juu ya meza, akaushika mkono wa Gunvor, akabaki ameushika mpaka watu walipoanza kuondoka.

Mwezi Juni Wallmo alirudi, bila suti. Alikuwa ameisoma ile orodha, akaomba kupanda basi siku moja. Alikaa kiti cha nyuma, na waliposimama mara ya nne aliacha kuangalia saa. Vuli hiyo mkoa uliweka gari moja la kwenda moja kwa moja kutoka bonde la juu, siku tano kwa wiki, lenye choo, na hospitali ikatenga vyumba viwili vya kulala kwa watokao mbali. Barua za picha za matiti bado zilikoma kwenye sabini na nne. Wiki saba zikawa wiki tano. Na ramani ya mwaka uliofuata ilikuja na doa lake jekundu palepale, kwa kuwa watu wachache hawabadilishi rangi. Wazee waliitazama pale karibu na majokofu. Alrik, kola ikiwa imeanza tena kumbana, alisema sasa wanaweza kuitumia kuwashia jiko. Gunvor alisema hapana, akaibandika kwenye mlango wa duka ili kila anayeingia aione.

Kisha akachukua ufunguo wa basi. Juu kabisa ya bonde, barabara inapoishia, kulikuwa na mzee aitwaye Hilding, mwenye kansa ya utumbo kama ya Ingvar, aliyekwisha kumwambia dereva wa gari la mkoa mara mbili kwamba haendi popote. Gunvor alibisha hodi, akaingia, akaketi jikoni bila kuvua koti. Hilding alisema anapoteza muda wake. Gunvor alisema muda anao, kansa yake mwenyewe imepelekwa mbio ikachoka. Akaomba kahawa. Walizungumza habari za samaki, za marehemu wote waliowajua, za bei ya kuni. Alikunywa vikombe vitatu. Kwenye cha nne Hilding alinyanyuka, akasimama kidogo akiishika meza, kisha akaenda kutafuta viatu.